Chumvi ya Chakula na Mzigo wa Moyo

Moyo hudhurika polepole, mara nyingi bila maumivu. Miongoni mwa mazoea yanayouchosha ni ulaji wa chumvi nyingi.

Madini ya sodiamu yaliyomo katika chumvi huufanya mwili uhifadhi maji. Ujazo wa damu huongezeka, shinikizo hupanda, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, ukuta wa moyo hunenepa na kukakamaa, mishipa huharibika, na hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo na moyo kushindwa kufanya kazi huongezeka.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hujumuisha chumvi iliyomo katika mkate, ng'onda na karanga za kukaanga, si ile inayonyunyizwa mezani pekee. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu huweza kukipa chakula ladha badala yake.

Mhudumu wa afya aulize pia ni nani anayepika nyumbani, kwa kuwa ushauri usiomfikia mpishi hauingii chunguni. Mgonjwa naye asiache dawa kwa sababu amepunguza chumvi au anajisikia vizuri: shinikizo la 140/90 au zaidi huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Kipimo, si hisia, ndicho kinachotoa jibu.