Mbegha Alitokea Huku

Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga na Arusha hupita Kabuku, wilayani Handeni, mchana kutwa. Abiria huona mashamba ya mkonge, kisha Segera, na wale wa Arusha wakifika Korogwe milima ya Usambara imewakabili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekaa kando ya barabara hiyo hukutajia Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 bila kukwama. Muulize habari za Mbegha, na wengi hunyamaza.

Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Unguu, upande wa magharibi wa Handeni. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, na ndugu wakamnyima urithi. Alihamia Kilindi, akashikana urafiki na mtoto wa mtawala. Kijana yule akafia mawindoni, Mbegha akatoroka kwa kuogopa kisasi. Huko Usambara aligawa nyama, akaamua mashauri, akaua simba, hata watu wa Vuga wakamtawaza. Ndivyo anavyosimulia Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ningekuwa mwalimu, nisingeanza na tarehe. Ningesoma kwa sauti habari za kigego, na kengele ikilia nifunge kitabu hapo hapo. Kigego si neno geni kwa wazee wa Kizigua. Watoto wataliuliza nyumbani, na kesho yake watarudi na majibu yanayopingana. Wabishane. Kisha niwaambie kwamba Abdallah mwenyewe aliwatumikia Wakilindi, watawala wa uzao wa Mbegha. Je, mtu anayekula kwa mfalme ataandika nini juu ya babu wa mfalme? Mtoto wa miaka 14 analiweza swali hilo, na akishalizoea ataliuliza kwa kila kitabu, hata cha shule.

Baada ya hapo ningewapa utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wajerumani pwani, vile ambavyo Bwana Heri wa Saadani, Mzigua, alipigana, na kiongozi mwenzake Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889.

Nakala za vitabu hivi ni adimu, nami jambo hilo linaniuma. Lakini sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na nakala moja mkononi mwa msomaji mzuri hulitosha darasa zima.

Na kuna habari nyingine, iko humu humu Handeni. Katika makazi ya Chogo wanaishi watu waliokimbia vita vya Somalia. Wengi wao ni wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa ng'ambo kwa majahazi katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, na huko Somalia, katika bonde la Juba, walikitunza Kizigua kizazi hadi kizazi. Wanafunzi waliokwisha kumsoma Abdallah wangewaendea wazee wale na daftari, wakae mkekani, waulize kwanza jina la kijiji ambacho babu zao walikitaja.