Marehemu Hashtakiwi

Askari akipandishwa kizimbani kwa kumpiga mtu risasi, swali ni lile lile: "Wakili, lakini huyo aliyeuawa si alikuwa jambazi?" Nimeulizwa matangani, nimeulizwa ndani ya matatu, na mara moja nimeulizwa na mwanasheria mwenzangu ambaye alipaswa kujua. Najibu hapa ili nisirudie tena.

Swali hilo haliamui kesi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 linaeleza ni lini askari wa Kenya anaruhusiwa kufyatua risasi: kwanza kabisa, kunusuru maisha yake au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini papo hapo. Zipo ruhusa nyingine chache, kama vile kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini. "Mtaa mzima unamjua" haimo. "Yuko kwenye orodha" pia haimo. Alichokuwa akifanya marehemu sekunde ile, ikiwa alishika bunduki au alikuwa amelala kifudifudi, huo ni ushahidi. Alichosemekana kufanya mwaka jana ni uvumi.

Najua mtanitajia Githurai. Mwaka 2014, askari Titus Musila, maarufu kama Katitu, alipokamatwa kwa mauaji, wakazi walimiminika barabarani wakidai aachiliwe. Walimwona mlinzi wao, na sidharau hofu ya mfanyabiashara aliyechoka kuporwa. Mahakama Kuu ilisikiliza mashahidi, na mwaka 2018 ikamtia hatiani. Wingi wa waandamanaji haukuhesabiwa popote.

Haya, tuseme kweli alikuwa jambazi sugu. Wizi wa mabavu Kenya una adhabu ya kifo katika vitabu, lakini hukumu hiyo hutolewa na hakimu au jaji, baada ya ushahidi, na ina rufaa. Isitoshe, serikali haijamnyonga mtu tangu 1987. Mnataka konstebo, peke yake, usiku, kwenye kichochoro, amalize kazi ambayo dola lenyewe, likiwa na majaji wote lilio nao, limeacha kuifanya kwa miongo mitatu na zaidi? Na akikosea mtu, mnakata rufaa wapi?

Maana hukosea. Kinango, Kaunti ya Kwale, Agosti 2014, polisi waliingia usiku kwenye nyumba wakimsaka mshukiwa. Aliyekufa ni msichana wa miaka 14. Wakasema aliwajia na panga. Mahakama Kuu ya Mombasa haikukubali, na mwaka 2016 maafisa wawili wakafungwa miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Lau kesi hiyo isingefika mahakamani, hadithi ya panga ndiyo ingebaki, na nyinyi mngeniuliza kama huyo binti hakuwa mhalifu.

Mengine kwa haraka, nafasi inakwisha. Dhamana si kuachiliwa huru. Tangu Katiba ya 2010 hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuipata, askari au raia. Kisingizio cha "niliamriwa na mkubwa" hakimwokoi askari. Mtu akiuawa kwa risasi ya polisi, mkuu wa kituo analazimika kuiarifu IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Msimsubiri, arifuni wenyewe. IPOA huchunguza, lakini uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa hiyo acheni kuitukana IPOA kwa kila faili lililokwama. Tafuteni daktari wenu ahudhurie upasuaji wa maiti, kwani palipoingilia risasi, mgongoni au kifuani, huweza kumaliza ubishi wote. Maganda ya risasi msiyaokote; pigeni picha yalipo. Video ipelekeni kwa wachunguzi ikiwa nzima, haijakatwakatwa, kabla ya kuitupa mitandaoni na kuanika sura za mashahidi. Anayetishwa aombe ulinzi wa mashahidi mapema.

Na ikiwa ulikuwepo ukaona, acha kuniuliza marehemu alikuwa nani. Nenda ukaandikishe taarifa wiki hii.