Riwaya za senti 10 zilivyovunwa mara tatu

MKULIMA wa miwa anajua kwamba shina lililokatwa vizuri huchipua tena. Msimu wa pili hauhitaji mbegu mpya, bali palizi, mbolea na subira. La msingi ni moja tu: shamba liwe bado ni lake siku miwa inapochipua.

Nchini Marekani jambo hilo limetokea katika biashara ambayo wengi wasingeifananisha na kilimo. Riwaya za mashujaa wanaopambana na wahalifu, zilizouzwa senti 10 katika vibanda vya magazeti miaka ya 1930, zilichapwa upya na kuuzwa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 2006 zikaanza kuchapwa tena, kwa sura nyingine na kwa wateja wengine.

Hadithi ni zilezile. Lakini ukifuatilia fedha zake, utaona kwamba aliyelima si yeye aliyevuna kila msimu. Hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wana jambo la kujifunza.

Bidhaa iliyotafutwa kabla ya kutengenezwa

Kampuni ya Street & Smith ya New York ilikuwa kongwe katika uchapishaji, kwani ilianzishwa mwaka 1855. Mwaka 1930 ilidhamini kipindi cha redio ili kuuza jarida lake la hadithi za upelelezi. Msimulizi wa kipindi hicho alikuwa na sauti ya kutisha na aliitwa The Shadow, maana yake Kivuli.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Wasikilizaji walikwenda kwenye vibanda vya magazeti, lakini badala ya kuulizia jarida lililotangazwa, waliulizia "lile jarida la Kivuli". Jarida hilo halikuwapo.

Kampuni haikubishana na wateja. Ilimtafuta Walter Gibson, mwandishi wa habari kutoka Philadelphia aliyekuwa pia mtaalamu wa mazingaombwe, ikampa kazi ya kuandika riwaya kuhusu Kivuli. Toleo la kwanza lilitoka Aprili 1931. Mwaka uliofuata jarida lilikuwa linatoka mara mbili kwa mwezi, kila toleo likiwa na riwaya nzima.

Hadi lilipofungwa mwaka 1949, The Shadow lilikuwa limetoa matoleo 325. Gibson peke yake aliandika 282. Ili kukidhi ratiba hiyo alilazimika kuandika zaidi ya maneno milioni moja kwa mwaka.

Baada ya kuona soko, Street & Smith ilianzisha jarida la pili, Doc Savage, mwezi Machi 1933. Shujaa wake ni daktari na mwanasayansi mwenye nguvu nyingi, anayesaidiwa na wataalamu watano. Mwandishi mkuu alikuwa Lester Dent, mzaliwa wa La Plata, Missouri, aliyekulia katika mashamba ya mifugo ya Wyoming na kufanya kazi ya kupokea na kutuma simu za maandishi kabla ya kugeukia uandishi. Jarida hilo lilifikisha matoleo 181, na mengi kati ya hayo ni kazi ya Dent.

Jina la kalamu lilikuwa mali ya kampuni

Msomaji wa wakati ule hakuyajua majina ya Gibson wala Dent. Kwenye jalada la The Shadow mwandishi aliitwa Maxwell Grant, na kwenye Doc Savage aliitwa Kenneth Robeson. Majina yote mawili yalikuwa ya kampuni.

Utaratibu huo ulikuwa na sababu ya kibiashara. Mwandishi akiugua, akichoka au akidai malipo makubwa, mwingine angekaa kwenye kiti chake na mteja asingeona tofauti. Ndivyo ilivyokuwa. Theodore Tinsley aliandika riwaya 27 za The Shadow kwa jina lilelile la Maxwell Grant. Mwaka 1946 Gibson na kampuni walipokosa kuelewana, Bruce Elliott alishika nafasi yake, na Gibson alirudi mwaka 1948 kuandika za mwisho.

Malipo nayo yalikuwa ya mkupuo. Dent alianza kwa kulipwa dola 500 kwa riwaya moja. Baada ya hapo hadithi, shujaa na jina la mwandishi vilikuwa vya kampuni. Hakukuwa na mrabaha, yaani ile sehemu ndogo anayolipwa mwandishi kwa kila nakala inayouzwa.

Hata hivyo, si haki kusema waandishi hawa waliibiwa. Miaka hiyo Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, watu wengi hawakuwa na kazi, na dola 500 kwa mwezi zilikuwa fedha nyingi. Dent aliweza kununua jahazi na kusafiri nalo katika bahari ya Karibi. Aidha, kampuni ndiyo iliyobeba hasara ya nakala zilizorudi bila kuuzwa.

Kilichouzwa bila kuhesabiwa ni kesho. Wakati ule karibu kila mtu aliamini kwamba riwaya ya jarida ikishasomwa thamani yake imekwisha, kama gazeti la jana.

Karatasi ilioza, karatasi ikaadimika

Hata bidhaa yenyewe ilionyesha imani hiyo. Majarida haya yalichapwa kwenye karatasi ya bei ya chini kabisa, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Karatasi ya namna hiyo ina tindikali. Baada ya miaka michache hugeuka njano, kisha kahawia, na kingo zake humomonyoka ukizigusa.

Vita Kuu ya Pili iliongeza tatizo. Karatasi iliadimika, majarida yakapunguzwa ukubwa, na nakala nyingi za zamani zilikusanywa ili zitumike upya viwandani. Baada ya vita wasomaji walihamia kwenye vitabu vya katuni, vitabu vidogo vya jalada laini, na baadaye televisheni. Katika majira ya joto ya mwaka 1949 Street & Smith ilifunga majarida yake yote mawili ya mashujaa.

Mwaka 1959 kampuni hiyo ilinunuliwa na Condé Nast, wachapishaji wa majarida ya mitindo. Pamoja na majarida yaliyokuwa hai, mnunuzi alipata hakimiliki za riwaya hizo zilizolala stoo. Mwaka huohuo Lester Dent alifariki dunia.

Msimu wa pili: jalada jipya, hadithi ileile

Oktoba 1964, miaka mitano tu baada ya kifo cha Dent, kampuni ya Bantam ilitoa upya riwaya ya kwanza ya Doc Savage kama kitabu kidogo cha jalada laini. Haikubadilisha hadithi. Ilichobadilisha ni sura.

Mchoraji James Bama alimchora shujaa akiwa na shati lililochanika na uso mkali, katika rangi chache zinazoonekana kutoka mbali. Kijana wa miaka ya 1960 ambaye hakuwahi kuona jarida la zamani alidhani ni kitabu kipya. Vitabu hivyo viliuzwa kwa mamilioni.

Bantam pia haikufuata mpangilio wa zamani, bali ilianza na riwaya zilizoonekana kuwa bora. Miaka ilipopita na mauzo yakapungua, ilianza kuweka riwaya mbili katika kitabu kimoja, na baadaye zaidi ya mbili. Kwa njia hiyo ilimaliza matoleo yote 181 mwaka 1990, miaka 26 baada ya kuanza.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo linaloonyesha faida ya kutunza kumbukumbu. Mtafiti Will Murray alipopekua nyaraka za Street & Smith aligundua kwamba kulikuwa na riwaya ya Doc Savage iliyoandikwa na Dent mwaka 1948 lakini haikuwahi kuchapwa. Bantam iliitoa mwaka 1979. Karatasi zilizokaa kabatini kwa miaka 30 zikageuka bidhaa mpya.

Kwa upande wa The Shadow, Gibson alikuwa bado hai. Mwaka 1963 kampuni ya Belmont ilimwita aandike riwaya mpya ya Kivuli, na safari hii jina lake halisi likawekwa. Riwaya za zamani nazo zilichapwa upya na Bantam, kisha na Pyramid katika miaka ya 1970. Gibson alifariki mwaka 1985, akiwa amejulikana kwa jina lake mwenyewe.

Msimu wa tatu: soko dogo, mteja anayejulikana

Mwaka 2006 Anthony Tollin alianza kuchapa upya riwaya hizo kwa leseni ya Condé Nast, kwanza na Nostalgia Ventures na baadaye kwa kampuni yake, Sanctum Books. Tollin hakuwa mgeni. Alikuwa ametia rangi vitabu vya katuni kwa miaka mingi, na mwaka 1979 alishirikiana na Gibson mwenyewe kutoa kitabu kuhusu historia ya The Shadow.

Yeye hakuwalenga mamilioni. Alijua kwamba waliobaki sokoni ni wapenzi na wakusanyaji, na kwamba hao wanataka kinyume cha kile Bantam iliwapa vijana wa miaka ya 1960. Hawakutaka sura mpya, bali ya zamani. Hivyo kila kitabu kilikuwa na ukubwa unaokaribia ule wa jarida, riwaya mbili zilizopangwa kwa safu mbili kila ukurasa, majalada ya awali yaliyosafishwa, na michoro ya ndani ambayo vitabu vya Bantam havikuwa nayo.

Juu ya hayo aliongeza thamani. Kila kitabu kilikuwa na maelezo ya kihistoria, mengi yakiandikwa na Will Murray. Mfano ni riwaya ya The Shadow ya mwaka 1936 iliyoandikwa na Tinsley. Ilipochapwa upya mwaka 2007, iliambatana na maelezo ya jinsi njama yake ilivyotumika katika hadithi ya kwanza kabisa ya Batman mwaka 1939. Kwa taarifa hiyo, mpenzi wa Batman ambaye hakuwa na habari na Kivuli naye akawa mteja.

Vitabu hivyo viliuzwa kwa posta na katika maduka ya vitabu vya katuni. Nakala ya awali ya jarida ni ghali na inamomonyoka mkononi. Kitabu kilichochapwa upya kinasomeka na kinadumu. Riwaya za Doc Savage zilikamilika zote, na mfululizo wa The Shadow ulipita vitabu 150.

Leseni ina mwisho

Lakini Tollin alikuwa mpangaji, hakuwa mwenye shamba. Leseni yake ilikoma mwishoni mwa mwaka 2020, na uchapaji ukasimama. Mwaka 2021 riwaya mpya kabisa ya The Shadow ilitoka kwa mchapishaji mwingine, ikiwa na jina la James Patterson, mmoja wa waandishi wanaouza sana Marekani. Mwenye mali aliamua kupanda zao jingine.

Hata mwenye mali naye ana kikomo. Kwa sheria ya Marekani, kazi zilizochapwa miaka hiyo na hakimiliki yake ikaongezwa muda ipasavyo hulindwa kwa miaka 95. Toleo la kwanza la The Shadow linatoka katika ulinzi huo Januari 1, 2027, na la kwanza la Doc Savage Januari 1, 2029. Baada ya hapo yeyote ataweza kulichapa toleo husika huko Marekani, ingawa majina ya mashujaa yanaweza kuendelea kulindwa kama alama za biashara.

Ya kuzingatia kabla ya kutia saini

Mambo manne katika safari hii ya karibu miaka 95 yanamhusu hata asiyesoma riwaya.

Kwanza, kuna tofauti kati ya kuuza tunda na kuuza mti. Anayebuni nembo, kichocheo cha achari, wimbo au mchoro wa kanga anapaswa kusoma kama mkataba unanunua matumizi ya mara moja au unanunua kila kitu daima. Bei za mambo hayo mawili haziwezi kuwa sawa.

Pili, jina lina thamani yake. Anayesindika asali na kuikabidhi kwa mwenye duka aiweke nembo yake, anajenga jina la mwenye duka. Siku duka likipata msindikaji mwingine, mteja hatajua.

Tatu, tunza kumbukumbu na sampuli. Mswada wa mwaka 1948 uliuzika kwa sababu kuna aliyeuweka na kuna aliyeuorodhesha.

Nne, anayekodi asipande kama anayemiliki. Aliyekodi ekari kwa miaka mitatu hapandi minazi. Akitaka kupanda zao la kudumu, aulize mapema muda wa mkataba utaongezwa vipi, kwa bei gani, na nini kitatokea kwa kile alichokipanda iwapo hautaongezwa. Majibu yawe kwenye karatasi, na karatasi hiyo iwe ngumu kuliko ile ya jarida la senti 10.