Filta Iliyoganda Haidai Bisbisi

Swali huja kwa sura ile ile kila mara: filta ya oili ya pikipiki imegoma kufunguka, je, niitoboe kwa bisbisi ya ukubwa gani? Anayeuliza ameshakata shauri la kutoboa, anataka aambiwe unene tu. Hakuna unene unaofaa, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu jibu la mkato limeshindwa kulizika swali hili. Nazungumzia filta ya kopo, ile inayofungwa kwa kuzungushwa, iliyo kwenye pikipiki kama Honda Africa Twin, BMW F 800 GS au Yamaha MT-07. Honda CG125 na nakala zake za Kichina, zilizozoeleka sana kwenye bodaboda, hazina kopo hilo kabisa. Zina chujio la wavu, na kikombe kinachozunguka ndani ya injini kutenga uchafu. Mwenye pikipiki ya aina hiyo akiambiwa filta yake ya kopo imeganda, abadilishe fundi.

Tuanze na palipoganda penyewe. Wengi hudhani nyuzi za chuma zimeumana kwa kutu. Nyuzi hizo zimelowa oili muda wote; kutu itaingilia wapi? Mdomoni mwa filta kuna bamba nene la chuma, na kulizunguka bamba hilo kuna mpira unaobana kwenye uso wa alumini wa injini. Kinachonata ni huo mpira. Ulifungwa mkavu, ukakazwa kwa spana na mtu aliyeogopa uvujaji, kisha ukapikwa na joto la injini kwa maelfu ya kilomita hadi ukashikamana na alumini. Kwa hiyo nguvu ya kufungua inatakiwa ifike kwenye bamba. Bisbisi huipeleka kwenye ukuta wa kopo, ambao ni bati lisilofika unene wa milimita moja. Hesabu yake si ngumu. Filta za aina hii Honda huagiza zikazwe kwa newtoni-mita 26, Yamaha kwa 17, na kopo huwa na kipenyo cha takriban milimita 65. Hata kama filta ingefunguka kwa nguvu ile ile ya 26 iliyoikaza, kingo za matundu mawili uliyotoboa zingebeba msukumo wa karibu kilo 40 kila upande, juu ya ukingo wa bati usiozidi upana wa bisbisi yenyewe. Iliyoganda inaweza kudai mara mbili au tatu ya hapo. Bati litachanika kama kopo la nyanya, bisbisi itazunguka, na bamba litabaki palepale lilipokuwa.

Hasara haiishii kwenye kopo. Kabla hujatoboa ulikuwa na pikipiki inayotembea, yenye filta ngumu; ungeweza kurudisha oili na kuiendesha taratibu hadi gereji yenye vifaa. Ukishatoboa, injini haiwashwi tena, maana oili yenye mgandamizo itatokea tunduni. Kopo lililochanika pia hujikunja likikamatwa, na ule ukanda wa kufungulia ambao ungekuokoa hauna tena pa kushika. Na ukitoboa karibu na mdomo, kama wanavyoshauri wanaojua kwamba katikati huchanika, ncha ya bisbisi inaweza kugonga kile kibomba chenye nyuzi kinachoishikilia filta. Kikipinda au nyuzi zake zikiharibika, kazi ya kubadilisha filta imegeuka kazi ya kutengeneza injini.

Najua pingamizi linalofuata: mbona wapo waliotoboa na filta ikafunguka? Wapo, na hao ndio wanaousambaza ushauri huu. Lakini filta iliyokubali kufunguka kabla bati halijachanika ilikuwa imekaza kidogo tu, na ukanda au msasa mkononi ungeifungua bila kutoboa chochote. Njia inayofaulu pale tu ambapo haikuhitajika haistahili kuitwa suluhisho. Wengine husema mafundi wa magari hufanya hivyo kila siku. Kwenye gari mara nyingi kopo ni refu, na huenda kuna nafasi ya kuzungusha bisbisi. Kwenye pikipiki nyingi kopo ni fupi, limejibana mbele ya injini nyuma ya mabomba ya ekzosi, na mpini wa bisbisi hugonga bomba kabla haujamaliza robo ya mzunguko. Kuna pia wanaopuliza dawa ya kulegeza kutu kuzunguka mdomo. Mpira huo umezuia oili ya moto isitoke kwa miezi kadhaa. Dawa itapenyaje kuingia ndani? Na wanaoshauri kuipasha filta kwa moto wa gesi, karibu na karatasi yake ya ndani iliyolowa oili, sitawajadili.

Yanayofaa ni haya. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu ili mpira ulainike, izime, mwaga oili. Futa kopo mpaka likauke kabisa. Mara nyingi mkono huteleza kwa sababu ya mafuta tu. Hakikisha unazungusha kinyume cha saa ukiwa umeitazama filta kwa kitako chake, kwa sababu aliyelala chini ya pikipiki hupoteza mwelekeo na kuzidi kukaza. Zungushia msasa, jaribu kwa mkono. Ikikataa, tumia kikombe cha filta chenye pande zinazolingana na kopo lako, au spana ya ukanda au ya mnyororo, na uiweke karibu na mdomo, kwenye bamba, si kwenye kitako. Ikiwa kopo limeshachanwa na mtu mwingine, gonga ukingo wa bamba kwa tindo na nyundo, polepole, kuelekea upande wa kufungua, bila kugusa alumini. Filta mpya nunua yenye nati kitakoni, ile ya spana namba 17, kama inapatikana kwa pikipiki yako. Kabla ya kuifunga, angalia mpira wa zamani haukubaki kwenye injini, maana mipira miwili ikipandana oili itamwagika yote njiani. Paka mpira mpya oili, zungusha mpaka uguse, kisha fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye filta yenyewe. Jaza oili, washa, chungulia mdomoni mwa filta kama kuna unyevu, zima, subiri dakika kadhaa, pima oili tena. Filta mpya itakuwa imemeza kiasi fulani, na itabidi uongeze.