Vibao vya Umbali Barabara ya Liboi Havisemi kwa Bahati

Wapo wasafiri ambao uraibu wao ni kusoma vibao vya umbali wakitafuta namba zinazolingana kwa namna fulani: mji wa mbali una kilomita mara mbili ya ule wa karibu, au tarakimu zimegeuzwa, kama 24 na 42. Wengi huona hizo ni bahati tu. Nakataa, na barabara ya Garissa kwenda Liboi, nchini Kenya, inatosha kuwa ushahidi. Garissa hadi Dadaab ni takriban kilomita 100, na Dadaab hadi Liboi takriban 80. Kabla ya kufika Dadaab, kila kilomita moja inayokwisha hupunguza namba zote mbili, kwa hiyo pengo lake halibadiliki. Basi Liboi itakuwa mara mbili ya Dadaab mahali pamoja tu, pale Dadaab inapobakiza kilomita 80, yaani kama kilomita 20 baada ya kutoka Garissa. Mara tatu itakuwa zikibaki 40. Abiria anaweza kuyajua hayo yote basi likiwa bado stejini.

Tarakimu zilizogeuzwa zina sharti gumu zaidi, kwa kuwa tofauti yake lazima igawanyike kwa 9: 42 ukitoa 24 hubaki 18. Pengo likiwa 80 kamili, utakodoa macho njia nzima bila kuziona. Kuna atakayesema vibao huandika kilomita nzima tu, hivyo hesabu hii haina uhakika. Ni kweli, lakini vibao viwili vikitofautiana pengo, msomaji makini hugundua kwamba namba mojawapo imekadiriwa au imepimwa kutoka sehemu nyingine ya mji. Aliyeamini bahati hagundui lolote.

Pingamizi zito ni kwamba huu ni mchezo tu, ilhali shule za Garissa, Wajir na Mandera zilipungukiwa sana na walimu baada ya wasio wenyeji kuhamishwa mwaka 2020 kwa sababu za usalama. Kibao hakiwezi kuziba pengo la mwalimu, na anayedai kwamba kinaweza anawadhulumu watoto. Lakini mwanafunzi anayejua kutoa na kugawanya ana swali halisi la kufanyia kazi. Kwenye njia ya Garissa kwenda Wajir, Modogashe hadi Wajir ni takriban kilomita 160. Je, msafiri anayetoka Garissa atawahi kukuta umbali wa miji hiyo miwili ni tarakimu tatu zilizogeuzwa? Tofauti ya namba kama hizo hugawanyika kwa 99 daima, na 160 iko mbali na 99, mbali na 198. Hatazikuta, na mwanafunzi huyo anaweza kulithibitisha hilo bila kupanda gari.