Ahadi za Kodi na Gunia la Mahindi Ufipa

Mwanasiasa anapoahidi kuwapunguzia kodi wanyonge, la kwanza kuuliza ni wanyonge hao hulipa kodi ipi. Mkulima wa mahindi wa Laela au Matai, mkoani Rukwa, hana mshahara wa kukatwa. Rais John Magufuli alipotangaza Mei Mosi 2016 kwamba kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kitashuka kutoka asilimia 11 hadi 9, ahadi ilitimia. Ila katika nyanda za Ufipa walionufaika ni walimu, wauguzi na watumishi wenzao.

Kodi iliyomgusa mkulima moja kwa moja ilikuwa ya kichwa, ambayo mwishoni iliitwa kodi ya maendeleo. Tajiri na fukara walitozwa kiasi kilekile, na asiyekuwa na stakabadhi alijificha mgambo wakipita. Ilifutwa mwaka 2003. Pengo la mapato likazibwa kwa ruzuku ya Hazina, na halmashauri zikazidi kuitegemea serikali kuu.

Ukabaki ushuru wa mazao. Katika bajeti ya 2017/18, Waziri wa Fedha Philip Mpango alipendekeza ushuke kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Pendekezo hilo lilitekelezeka: ni kubadili kifungu cha sheria na kuwaagiza wakusanyaji wa getini. Ugumu uko kwingine. Kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, na hakuna kinachomlazimisha kuongeza bei kwa sababu yeye amepunguziwa.

Tuchukue gunia la kilo 100 kwa bei ya mfano ya shilingi 50,000. Kwa asilimia 5 ushuru ni 2,500. Kwa asilimia 2 ni 1,000. Tofauti ni 1,500, hata kama yote ingemfikia mkulima. Mnunuzi huyohuyo akidai lumbesa, yaani debe moja juu ya gunia bila malipo, mkulima amepoteza kilo kama 18, thamani ya shilingi 9,000. Mizani kijijini ingemfaa kuliko punguzo la ushuru, lakini mizani si hoja ya kupigiwa makofi jukwaani. Na mwaka huohuo wa 2017 serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje bila kusagwa, hatua iliyouma mkoa kama Rukwa, wenye ziada ya nafaka na unaopakana na Zambia. Amri ya soko inaweza kumeza nafuu yote ya kodi.

Ahadi ya pili ni kuwabana matajiri. Katika mji wa Sumbawanga, hukohuko Rukwa, utajiri mwingi ni majengo, maghala, malori na ng'ombe, na Tanzania haina kodi ya utajiri kwa jumla. Kilichopo ni kodi ya majengo, ambayo mwaka 2021 ilihamishiwa kwenye umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia: wakati huo ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kuikusanya hakuna taabu, kwa kuwa anayenunua umeme amekwisha kukatwa, lakini nyumba ya vyumba viwili na jumba la kifahari lisilo na ghorofa hulipa sawa. Kutoza kwa thamani kungekuwa haki zaidi. Kungehitaji pia wathamini, daftari la majengo lisilopitwa na wakati, na halmashauri isiyoogopa wenye majumba, ambao baadhi yao ndio wagharimiaji wa kampeni.