Chakula Bora kwa Fedha Kidogo

Watu wengi wa Homa Bay na Migori hudhani ya kuwa chakula bora ni nyama na mkate, na kwamba asiye na fedha hana budi kula ugali mtupu. Sivyo.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, nao huujenga mwili na kuitia mifupa nguvu. Kuwavua hukatazwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, na bei hupanda. Basi mwenye busara hununua mapema waliokauka vizuri, akawaweka mahali pakavu.

Mgagani, mnavu na kunde huota karibu na nyumba. Majani hayo yana madini ya chuma yaongezayo damu. Yatiwe nyanya au limau, wala yasipikwe mpaka yakapoteza rangi. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa maana huuzuia mwili kuyapata madini hayo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe uji wa wimbi uliotiwa unga wa omena, huku akiendelea kunyonya.

Nawe mzazi, usiuze mayai yote ili ununue sukari. Yai moja lina faida kwa mtoto kuliko sukari ya juma zima.